Mdomo usitangulie macho: kwa marubani wasaidizi wapya

Wadogo zangu,

Juzi nimetoka simuleta, ile mashine ya kuigizia urushaji wa ndege, na kundi la tatu la mwaka huu, na kwa mara ya tatu nimeona jambo lile lile. Mvua kubwa, upepo wa nyuma noti 8 (maili nane za baharini kwa saa), njia ya kutulia ya mita 2,400. Brifingi nzuri, hesabu safi, sauti za watu wanaojiamini. Halafu ndege inavuka kizingiti, pale njia inapoanzia, ikiwa juu, inaelea, inaendelea kuelea, alama za eneo la kugusia zinapita chini ya pua, na kijana aliyekaa kulia anazitazama zikipita kama abiria wa dirishani. Magurudumu yanagusa. Kabla hajageuza hata shingo, anatamka: “Spoila juu.”

Mkono wa spoila ulikuwa chini, maana yake vile vibamba vya juu ya bawa havikuinuka. Niliuacha chini mimi mwenyewe, kwa makusudi.

Nikasimamisha simuleta nikamwuliza: umeona nini? Akanyamaza. Ni kijana mzuri, anasoma kuliko wengi wenu, na alinyamaza kwa kuwa jibu alilijua. Hakuona kitu. Alisema kwa sababu hapo ndipo huwa panasemwa.

Nilipandisha sauti siku ile, na kama ulikuwepo, nisamehe. Lakini sauti ile ya “spoila juu” naijua. Miaka mingi iliyopita ilikuwa yangu, na ninaisikia mpaka leo. Kwa hiyo nawaandikia, tena kwa namba kama mnavyopenda.

1. Hesabu ya kutua ina umri.

Tangu tarehe 4 Novemba 2021 tuna mfumo mmoja wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wa kuripoti hali ya njia, namba 0 hadi 6 kwa kila theluthi. Mnaujua, mmeufanyia mtihani. Lakini mnapewa 5/5/5 mnaiingiza kwenye kompyuta, na mkishaiingiza mnaiamini kama hati ya nyumba. Tano maana yake njia imelowa, maji hayazidi milimita 3. Yakizidi hapo, ni 2. Mvua ya radi inatoa njia kutoka tano hadi mbili katika muda wa wewe kunywa kahawa yako, na aliyepima ameshaingia ndani kujikinga. Tazama saa ya ripoti. Halafu tazama nje. Ukiona njia inang’aa kama kioo na mnara wa kuongozea ndege bado unasema tano, fanya hesabu ya mbili, uongeze akiba yako ya asilimia 15, uone kama njia inakutosha. Hesabu hiyo ifanywe juu huko, mkiwa na muda na mafuta. Kwenye futi 800 hakuna anayepiga hesabu; watu wanapiga ramli.

2. Zijue mita zako kama unavyolijua jina lako.

Noti 136 ni mita 70 kwa sekunde. Hiyo ndiyo bei ya kila sekunde unayoelea ukingoja mguso laini. Kwenye mteremko wa nyuzi 3, kila futi 10 za ziada juu ya kizingiti zinakula karibu mita 58. Na kasi ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote: kama kasi yako juu ya ardhi ilitakiwa iwe noti 140 na umekuja na 160, kumi za haraka yako na kumi za upepo wa nyuma, breki zitameza nguvu iliyoongezeka kwa asilimia 30 hivi. Juu ya maji matairi yenyewe hayashiki. Ile kanuni ya mara tisa ya kipeuo cha pili cha presha ya tairi mliikariri. Ifanyeni basi kwa tairi zenu. Kwa psi 200 (paundi kwa inchi ya mraba) inakuja noti 127. Juu ya kasi hiyo, kwenye maji yaliyotuama, tairi inaweza kukaa juu ya utando wa maji bila kuigusa lami, na mguu wako wa breki usikusaidie chochote.

3. Tamka mahali pa mwisho pa kugusia, kabla hujaanza kushuka.

Ukinisikiliza kwa jambo moja tu, liwe hili. Kwenye brifingi taja kitu kinachoonekana: makutano ya njia ya pembeni, alama fulani ya rangi, kibao cha umbali. Sema: “Magurudumu yasipokuwa chini hapo, tunapaa tena.” Mwenzako akubali kwa sauti. Baada ya hapo hakuna mjadala wa nani mkubwa. Kuna kibao, na ama kimepita ama hakijapita.

Kwa nini nasisitiza? Kumbukeni Toronto, tarehe 2 Agosti 2005, Air France 358. Ngurumo juu ya uwanja, A340 yenye watu 309, njia ya futi 9,000. Walivuka kizingiti wakiwa juu ya mstari, mvua ikapiga vioo, wakagusa futi kama 3,800 ndani ya njia. Riversa, yaani msukumo wa injini uliogeuzwa ili kupunguza mwendo, zilichaguliwa sekunde 12.8 baada ya mguso. Ndege ilitoka mwisho wa njia ikiwa na noti kama 80, ikaishia kwenye korongo la kijito, ikaungua yote. Wote 309 walitoka hai, na kila ninapomfikia mwanafunzi hapo namwambia awashukuru wahudumu wa ndani, maana kazi ile ni yao. Ila irudie hesabu: futi 3,800 kati ya 9,000. Marubani wale walikuwa wazoefu. Mahali pa kugusia palipita huku macho yakitafuta njia kwenye mvua, na mahali hapo hapakuwa na jina.

Pape jina.

4. Cheklisti ya kutua isisomwe kama wimbo.

Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nilikuwa na miezi kumi na minne upande wa kulia, saa kama 900 kwenye aina ile ya ndege. Kipindi kibaya hicho: woga umeshaondoka na ujuzi haujafika. Ilikuwa sekta ya nne, yaani safari ya nne ya siku, jioni. Kapteni ni mtu niliyempenda na ninayempenda hadi leo. Ndiye aliyenifundisha kutua na upepo wa ubavuni bila kupigana na ndege. Yeye anarusha, mimi nafuatilia. Mbele yetu mvua imeshafika karibu na mwisho wa njia, tunaiona kwenye rada, nyekundu katikati na njano pembeni, inakuja upande wetu. Wote wawili tulikuwa na wazo moja ambalo hakuna aliyelitoa mdomoni: tukiwahi, tutagusa kabla haijafika.

Kwenye futi 1,300 flapu za mwisho zilikuwa zinatoka, nikaanza cheklisti. Mnara ukaingia katikati: upepo umegeuka, sasa ni wa nyuma, noti 8, mvua kubwa uwanjani. Nikajibu mnara. Kapteni akauliza kama tuko ndani ya kikomo. Nikasema ndiyo, kikomo ni 10. Nikarudi kwenye cheklisti, nikasoma: “Spoila.” Yeye, macho yake kwenye ala, akajibu: “Imetegwa,” yaani imewekwa tayari kufunguka yenyewe. Na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuhakiki, nikasema “nimehakiki” huku natazama waipa. Waipa ya upande wangu ilikuwa inaacha mstari wa maji usawa wa macho yangu, unanikera tangu mchana. Mkono wa spoila ulikuwa haujategwa. Taa yake ya kijani ilikuwa haijawaka. Ningegeuza macho kidogo tu ningeiona.

Tulivuka kizingiti kwenye futi 80 badala ya 50, noti 13 juu ya kasi tuliyoiweka, upepo ukitusukuma kutoka nyuma. PAPI, zile taa nne za kando ya njia zinazoonyesha mteremko, nyeupe tatu, kisha nne: tuko juu mno. Nilizihesabu. Nilisema “kasi” mara moja, kwa sauti ya mtu anayemgusa mzee begani asimwamshe. Kapteni akasema “narekebisha.” Nikashusha pumzi, kana kwamba kusema “narekebisha” ndiko kurekebisha. Ndege ikaelea. Makutano ya kwanza yakapita, ya pili yakapita. Nilikuwa na maneno mawili ya kusema, na mamlaka ya kuyasema, na kampuni ile ilikuwa imeandika wazi kwamba yeyote kati yetu akiyasema, ndege inapaa. Sikuyasema. Nilikuwa nawaza kwamba yeye ana saa elfu tisa.

Tukagusa mita 1,000 ndani ya njia. Ndani ya sekunde moja na kidogo nikatamka, wazi na kwa uzuri kabisa: “Spoila juu.”

Nyote mnajua spoila zinafanya nini. Zinaua uwezo wa bawa kubeba, uzito unashuka kwenye magurudumu, breki zinapata kitu cha kukamata. Nilihisi mgongoni kwamba ndege haikukaa. Magurudumu yalikuwa chini lakini bawa lilikuwa bado linaruka. Kapteni alikuwa anahangaika kuiweka katikati, pua inaelekea kushoto, na kwa kuwa amesikia spoila ziko juu, alikuwa anangoja kuhisi breki zikishika. Haziji. Kwenye aina ile, ukisahau kutega spoila, mkono wake unainuka wenyewe ukivuta riversa. Akavuta riversa. Ndipo mkono ukapanda kwa ule mlio wake, kati yangu na yeye, na mimi nikauangalia kwa mara ya kwanza tangu tuanze kushuka.

Taa za katikati ya njia zikawa nyekundu na nyeupe, kisha nyekundu tupu. Mita 300. Mguu wote wa breki, riversa zote, na taa nyekundu zinaendelea kuingia chini ya pua moja baada ya moja. Tulitoka na noti kama 40. Majani, kishindo, tope likapiga kioo, gurudumu la mbele likazama, tukasimama mita 55 nje ya njia.

Ninachokumbuka zaidi ni waipa. Zilikuwa bado zinakwenda kwa kasi ya mwisho, zinapaka tope kushoto, zinapaka tope kulia. Mkono wa kulia wa kapteni ulikuwa bado umeshikilia riversa nyuma, hautaki kuachia. Mhudumu mkuu akapiga simu ya ndani, sauti yake imetulia kuliko zetu: abiria wote wazima, hakuna moshi, tunashusha au tunangoja? Hakuna aliyeumia. Ardhi ya pale ilikuwa tambarare na laini, na hilo halikuwa sifa yetu.

Wiki kadhaa baadaye nikaketishwa chumbani na wachunguzi wawili, watu wapole, wakanipa hedifoni. Mezani kulikuwa na karatasi ndefu yenye mistari ya takwimu za ndege. Mmoja wao aliweka kalamu kwenye mstari wa spoila na kuisogeza taratibu huku mkanda wa sauti za chumba chetu cha marubani unacheza. Kishindo cha kugusa. Sauti yangu: “Spoila juu.” Kalamu ikasimama hapo. Mstari ulikuwa bapa. Akaendelea kuisogeza kidogo kidogo hadi ulipopanda, karibu sekunde tano mbele. Hakusema neno. Sekunde tano zile zilikuwa zaidi ya mita 350 za njia. Kwa hesabu yao, spoila zingefunguka pale niliposema zimefunguka, tungesimama juu ya lami na zaidi ya mita 100 zikiwa zimebaki mbele yetu, pamoja na haraka yetu yote, upepo wote na kuelea kote.

Kapteni hakunilaumu hata siku moja. Nilipomwendea kumwomba radhi aliniambia neno moja: “Nilikusikia.” Alinisikia, akaniamini, akaendelea kushughulika na pua ya ndege kama alivyopaswa. Alichohitaji kwangu ni jicho. Nilimpa mdomo.

Baadaye nilisoma ripoti ya ajali ya Little Rock, Marekani, American Airlines 1420, usiku wa tarehe 1 Juni 1999. MD-82, ngurumo juu ya uwanja, watu 145. Marubani waliendelea na kutua wakati dhoruba imeshafika, spoila hazikufunguka baada ya kugusa, na hakuna kati ya wawili wale aliyehakikisha kwamba zimefunguka. Waliokufa ni 11, kapteni akiwa mmoja wao. Niliifunga ripoti ile nikatoka nje nikatembea mpaka giza likaingia. Tofauti yao na mimi ilikuwa kilichokuwepo baada ya mwisho wa njia.

Kwa hiyo: gusa au tazama, ndipo useme. Ukikatizwa katikati ya cheklisti, anza upya kutoka mstari wa kwanza, hata kama kapteni anavuta pumzi kwa nguvu. Na spoila zisipofunguka, tamko lipo: “Hakuna spoila.” Mbona sijawahi kumsikia hata mmoja wenu akilifanyia mazoezi?

5. Mambo madogo, haraka haraka.

Gusa kwa uthabiti kwenye njia yenye maji. Mguso laini wa mvuani ni kosa, usinililie kwamba abiria wanapenda.

Riversa mara tu magurudumu yanapokuwa chini, na usiziachie mpaka una hakika utasimama. Chicago Midway, tarehe 8 Desemba 2005, kwenye theluji, zilichelewa, ndege ikavunja uzio hadi barabarani na mtoto wa miaka sita aliyekuwa ndani ya gari akafa.

Upepo unaopewa na mnara ni wa pale kwenye kipimo. Ule unaoonyeshwa na ndege yako ni wa pale ulipo wewe. Soma yote miwili kwa sauti.

Waipa mbovu iandikwe kwenye daftari la ufundi kabla ya sekta inayofuata. Mnajua kwa nini nasema.

6. Kupaa tena ni tamko la mtu yeyote, na likitamkwa limetamkwa.

Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010, hali ya hewa ilikuwa njema. Kapteni alikuwa amelala sehemu kubwa ya safari, akaja juu mno na kwa kasi, na rubani msaidizi wa Air India Express 812 aliomba kupaa tena mara tatu. Mara tatu! Waligusa futi 5,200 ndani ya njia ya futi 8,033. Watu 158 wakafa. Miaka kumi baadaye, tarehe 7 Agosti 2020, kampuni ile ile, Kozhikode, uwanja wa juu ya kilima kama ule wa Mangalore: mvua, upepo wa nyuma, waipa ya kapteni haifanyi kazi vizuri, wanagusa futi 4,438 ndani ya njia ya futi 8,858. Msaidizi alitamka kupaa tena. Wakafa 21, marubani wote wawili wakiwemo.

Nikisimulia haya vijana huniuliza: kwa hiyo hata ukisema haisaidii? Wadogo zangu, msaidizi wa Mangalore alifanya sehemu kubwa ya kazi yake, na mimi nisiyesema neno sina haki ya kumhukumu. Lakini ombi na tamko ni vitu viwili. Ombi linamwachia kapteni aamue. Tamko linaambatana na mkono. Kama kanuni za kampuni yako zinakuruhusu kuchukua ndege, na nyingi zinaruhusu, basi ukitamka mara ya pili bila jibu, sema “ndege yangu” na sukuma nguvu. Fanyeni hivyo simuleta mpaka mkono uzoee, maana mkono usiozoea hautaanza siku hiyo. Tena fanyeni na mimi. Sijawahi kumwandikia vibaya kijana aliyepaa tena bila sababu, na sitaanza sasa.

Na kinyume chake: mkishaanza kupaa, paeni. Bangkok, tarehe 23 Septemba 1999, Qantas 1. Mvua nzito, kapteni akaagiza kupaa tena, magurudumu yakagusa, akabadili nia na kurudisha nguvu nyuma bila kutamka. Wenzo wa injini moja ukabaki mbele, otobreki, ile breki ya kujiendesha yenyewe, ikajiondoa, na katika ule mchanganyiko riversa hazikutumika kabisa. Boeing 747 ilitoka mwisho wa njia na noti 88. Hakuna aliyekufa. Kwa mara nyingine tazameni palipopotea jambo: nia ilibadilika kichwani mwa mmoja, na chumba kizima kikabaki kinafanya kazi ya ile nia ya zamani. Mpaka upo mmoja tu: riversa zikishavutwa, hakuna kupaa tena.

7. Zamu yenu.

Kundi la Jumanne, njooni mmekula na mmelala. Njia ni ile ile ya mita 2,400, mvua ni ile ile, ripoti ni 5/5/5 ya dakika arobaini zilizopita. Nitakaa nyuma yenu kimya. Mahali fulani kati ya futi 1,500 na kizingiti, mnara utawaita, na mmoja wenu akiwa anajibu, mkono wangu utapita katikati ya viti vyenu. Sitasema utafanya nini. Yule kijana wa juzi nimempanga kiti cha kulia.